Umeuza kwa simu ukakosea maelezo ya bidhaa, mnunuzi anadai: ufanye nini?

Simu nyingi zinazoingia studio kuhusu biashara za mtandaoni ni za wanunuzi walioumia. Mtu kalipia simu, katumiwa kipande cha sabuni. Safari hii swali limetoka upande wa pili, na limejirudia kiasi kwamba tumeona tuliandike ulisome kwa nafasi yako. Ni swali la muuzaji ambaye si tapeli. Ameuza kitu chake halali, ila maelezo aliyoandika hayakuwa sahihi, na sasa mnunuzi amekasirika.

Mfano ni huu. Mama mmoja wa Makambako aliweka kwenye kundi la WhatsApp pampu ya maji ya petroli iliyotumika. Aliandika "pampu inchi 3, inawaka vizuri, 280,000". Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni akailipia kwa simu, pampu ikapakiwa kwenye basi, na kesho yake akaipokea barabarani. Jioni zikarudi picha tatu na ujumbe mmoja: "Dada, hii ni inchi 2. Nirudishie hela yangu, la sivyo nakuanika kwenye kundi."

Mama hakudanganya. Kibao cha pampu kilikuwa kimefutika, akachukua futi ya fundi cherehani akapima mdomo wa pampu. Tatizo ni kwamba alipima kwa nje, pamoja na kola ya kufungia mpira, futi ikasoma inchi 3 kasoro. Kipimo cha pampu na mabomba hakisomwi hivyo. Bomba la chuma linaloitwa la inchi 2 lina upana wa milimita 60 hivi ukilipima nje, wakati inchi 2 kamili ni kama milimita 51. La inchi 3 linafika karibu milimita 89. Ukipima nje bila kujua hilo, utaandika namba isiyo yake, na utaiandika ukiwa na moyo mweupe kabisa.

Kwa mkulima tofauti hiyo si ndogo. Mdomo wa inchi 3 una nafasi ya kupitisha maji zaidi ya mara mbili ya ule wa inchi 2. Pampu nyingi ndogo za petroli za inchi 2 hutoa lita 500 hadi 600 kwa dakika zikiwa na nguvu zote, za inchi 3 hukaribia lita 1,000. Kwa mtu mwenye vitunguu vinavyosubiri maji, hapo kuna saa nyingi za ziada na petroli ya ziada kila anapomwagilia. Isitoshe, alikuwa ameshanunua mpira wa kunyonyea wa inchi 3, na mpira huo haukai kwenye pampu aliyoletewa. Kwa hiyo muuzaji asianze kwa kuona mwenzake ana makelele.

Nina sababu ya kusema hivyo. Jibu la kwanza ambalo wauzaji wengi hutoa ni "picha nilikuwekea, ungeangalia". Jibu la pili ni "mali ikishatoka hairudi". Yote mawili hayasaidii.

Picha haionyeshi inchi. Haionyeshi pia kama simu ina GB 64 au 128, wala kama paneli ya sola ni ya wati 50 au 100. Mnunuzi aliye kilomita 200 kutoka kwako anategemea maneno uliyoandika. Na sheria imesimama hapohapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mauzo hayo kwamba kitu chenyewe kilingane na maelezo. Haiulizi kama muuzaji alikusudia au alipitiwa. Ukisema inchi 3 ukapeleka inchi 2, hujatimiza upande wako, hata kama pampu inawaka vizuri kama ulivyoahidi.

Hayo maneno ya "hairudi" yanaweza kukusaidia kwa mtu aliyebadili mawazo. Amepokea kitu kilekile ulichokitaja, sasa anasema mke wake hakupenda rangi. Hayakupi ruhusa ya kupeleka kitu tofauti na ulichokitaja. Mfanyabiashara anayeuza mara kwa mara akumbuke pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza maelezo yanayompotosha mnunuzi.

Kuna jambo moja la kumtuliza mama yetu. Mnunuzi alimwita tapeli na kutaja polisi. Kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, linahitaji mtu awe alijua anachosema si kweli, au mwenyewe hakukiamini. Aliyepima vibaya hajafika huko. Anadaiwa, ndiyo, lakini deni na jinai ni vitu viwili. Ila angalia unavyojibeba baada ya kuambiwa. Ukizima simu, ukamzuia namba, ukajitoa kwenye kundi, unampa kila mtu sababu ya kuamini kwamba ulijua tangu mwanzo. Na ukiendelea kuitangaza pampu nyingine kama hiyo kwa maelezo yaleyale baada ya kujua kosa, hapo huwezi tena kusema ulipitiwa.

Jibu la kwanza

Usijibu kwa hasira na usijibu kwa hofu. Hofu ina hasara yake pia: watu hurudisha pesa yote usiku uleule kwa namba yoyote waliyotumiwa, kisha mzigo haurudi, au unarudi mwingine.

Anza kwa kuhakikisha. Omba picha ya mdomo wa pampu ukiwa na futi juu yake, picha ya namba iliyogongwa kwenye injini, na picha ya mzigo wote. Linganisha na picha ulizopiga kabla ya kupakia. Kama hukupiga, jifunze kuanzia sasa, kwa sababu namba ya injini ndiyo itakayoonyesha kwamba kinachorudi ni kilekile kilichokwenda. Kwa simu ni namba ya IMEI, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Kwa cherehani, redio au betri, tafuta namba yoyote iliyogongwa au alama ya mkwaruzo unaoujua wewe.

Ukishaona kosa ni lako, likiri kwa maandishi na useme utafanya nini. Watu huogopa kukiri wakidhani wanajifunga. Lakini maneno yako ya "inchi 3" tayari yapo kwenye simu yake, hakuna unachoficha. Kukiri mapema kunapunguza joto na kunaokoa siku. Ujumbe unaweza kuwa mfupi tu:

"Shikamoo baba. Nimeona picha. Ni kweli pampu ni inchi 2, niliandika inchi 3 kwa kupima vibaya. Naomba radhi. Naomba uchague: urudishe pampu nikurudishie 280,000 na nauli ya mzigo, au ubaki nayo nikurudishie tofauti ya bei. Tafadhali usiitumie mpaka tukubaliane. Nitakupigia saa 2 usiku."

Kisha upige kweli saa 2. Mazungumzo ya sauti yanapoza hasira kuliko maandishi, na huku kwetu mtu akisikia salamu kamili hulegea kidogo. Mkimaliza kuongea, andika ujumbe mmoja wa yale mliyokubaliana na umwombe ajibu "sawa". Wenye simu za kitochi, SMS ya kawaida inatosha.

Pesa na mzigo, kipi kitangulie?

Hapa ndipo migogoro mingi hukwama. Muuzaji anasema "leta pampu kwanza, nikiiona natuma". Mnunuzi anasema "tuma kwanza, nikiiona hela napakia". Kila mmoja anaogopa kubaki mikono mitupu, na kila mmoja ana haki ya kuogopa.

Tuanze na nani analipa nauli ya kurudisha. Kwa sheria ya mauzo, mnunuzi mwenye haki ya kukataa mzigo akishamwambia muuzaji kwamba ameukataa, halazimiki kuurudisha kwa gharama zake, isipokuwa kama walipatana hivyo. Kwa hiyo nauli ya basi ya kurudi ni ya aliyekosea maelezo. Najua inauma. Lakini ukimwambia mtu alipie tena mzigo ambao hakuuagiza, mazungumzo yanafia hapo.

Kuhusu kipi kitangulie, njia inayofanya kazi vizuri ni kumweka mtu wa kati. Katika njia za mabasi kuna mawakala wa mizigo wanaofahamika stendi. Mnunuzi anapeleka pampu kwa wakala wa upande wake na kupewa risiti. Wakala, au ndugu yako aliye karibu, anaikagua na kukupigia: namba ya injini ni hii, hosi hazijaungwa, haina ufa. Ukiridhika unatuma pesa mnunuzi akiwa palepale, naye akiuona ujumbe wa muamala mzigo unapakiwa. Ni usumbufu wa nusu saa. Kama hakuna wakala, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu, shehe au mzee wa kanisa anaweza kusimama katikati, mradi pande zote mbili zimkubali.

Ingine ni kugawa: unatuma nusu mzigo ukishapakiwa na risiti imepigwa picha, unamalizia ukiupokea. Si kamilifu, ila hakuna anayebeba hatari yote peke yake.

Pesa irudi kwenye namba ileile iliyolipa, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe lile lililo kwenye ujumbe wa malipo ya kwanza. Akipiga mtu mwingine akasema "mimi ndiye mwenye pampu, ile namba ilikuwa ya mjomba, tuma kwenye hii", acha. Matapeli hukaa ndani ya makundi hayahayo na husoma ugomvi wenu kama sisi tunavyosoma gazeti. Namba ya namna hiyo iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Halafu kuna "ya kutolea". Tumesikiliza mgogoro mmoja wa zaidi ya laki mbili ulioisha vizuri kabisa, kisha ukawaka upya kwa sababu ya ada ya kutoa pesa kwa wakala. Ni kiasi kidogo, kitajwe mapema. Kama mnunuzi alikutumia na ya kutolea, mrudishie na ya kutolea.

Kama pesa umeshaitumia

Mama wa Makambako alikuwa ameshanunua mbolea ya kupandia. Hakuwa na 280,000 ya kurudisha. Watu wengi wakifika hapa ndipo huanza kukimbia simu, wakati ndipo wanapotakiwa kuongea zaidi.

Kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuomba kulipa kwa awamu, kwa tarehe na kiasi vilivyoandikwa, huku mzigo ukiwa umeshikiliwa na mtu wa kati au na mnunuzi mwenyewe mpaka awamu ya mwisho. La pili, ambalo mara nyingi ni bora kwa wote, ni mnunuzi kubaki na bidhaa na kurudishiwa tofauti ya bei. Hesabu yake si ngumu: mliuziana 280,000 kwa bei ya inchi 3, pampu ya inchi 2 ya hali hiyohiyo inauzwa kiasi gani pale sokoni? Mulizeni fundi mmoja mnayemwamini. Akisema 210,000, tofauti ni 70,000.

Ndivyo walivyomalizana hawa wawili. Vitunguu havikuwa vya kungoja, na pampu ndogo shambani ilikuwa bora kuliko kubwa iliyo stendi. Mama akarudisha 40,000 wiki ileile na 30,000 mwisho wa mwezi. Mpira wa inchi 3 ulikuwa bado haujakatwa, mwenye duka akakubali kuubadilisha. Kama ungekuwa umekatwa, mkulima angekuwa na haki ya kuuingiza kwenye madai, kwa sababu ni hasara iliyotokana moja kwa moja na neno "inchi 3". Kipo pia kiungio cha kupunguza kutoka inchi 3 kwenda inchi 2 kinachouzwa kwenye maduka ya mabomba. Kinasaidia mpira ukae, lakini msidanganyane, hakiongezi maji.

Mnunuzi naye ana wajibu

Wewe uliyeuziwa, fungua mzigo mapema na uukague. Ukigundua kasoro, sema haraka, na uache kukitumia. Sheria inakupa nafasi ya kutosha kukagua, lakini ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema neno, au ukaifanya yako kwa kuibadilisha vifaa au kuiuza, unahesabiwa umeikubali. Hapo huwezi tena kuikataa na kudai pesa yote. Kinachobaki ni kudai fidia, mara nyingi ile tofauti ya bei. Aliyemwagilia msimu mzima kwa pampu ya inchi 2, kisha baada ya mavuno akataka 280,000 yake, asishangae akichekwa barazani.

Hasara nayo uipunguze kadiri unavyoweza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka izingatiwe kama ulikuwa na njia ya kujiokoa. Kama jirani ana pampu ya kukodi, ikodi, tunza risiti, dai gharama ya kukodi. Huwezi kuacha shamba likauke makusudi ukimsubiri mtu wa Makambako, halafu umpelekee hesabu ya magunia.

Na hili la kuanikana. Kuweka picha ya mtu na namba yake kwenye makundi kumi ukiandika "tapeli huyu" wakati mnaendelea kuzungumza kunaweza kukugeuka. Baada ya hapo yeye ndiye atakuwa na kesi ya kuchafuliwa jina, na mjadala wa pampu utasahaulika. Kama kundi lina msimamizi, mwandikie yeye kwanza. Wasimamizi wengi wa makundi ya biashara wanajua kumbana mwanachama kimyakimya kuliko sisi tunavyodhani.

Mkishindwana kabisa

Ngazi ya kwanza ni usuluhishi wa karibu: ofisi ya kijiji au mtaa, au baraza la kata. Shida ya biashara ya simu ni kwamba mmoja yuko Njombe na mwingine Iringa. Hata hivyo, mwenyekiti wa kijiji cha muuzaji akipigiwa simu na mnunuzi mwenye ushahidi, mara nyingi muuzaji anapatikana siku hiyohiyo. Kama muuzaji ni duka au kampuni, malalamiko yanaweza kupelekwa FCC.

Kampuni ya simu usiitegemee sana katika jambo hili. Kurudishiwa muamala kumewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba. Ulimlipa uliyekusudia kumlipa, ugomvi wenu ni wa bidhaa. Tena mnunuzi anayepiga huduma kwa wateja na kudai "nilikosea namba" ili pesa izuiwe, huyo sasa ndiye anayedanganya.

Kinachobaki ni mahakama ya mwanzo, ambayo husikiliza madai ya kawaida na huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa deni la laki mbili, piga hesabu ya nauli na siku za kwenda na kurudi kabla hujafungua shauri. Ukiamua kwenda, ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imelitamka hilo. Lakini lazima uwepo. Angalia kama WhatsApp yako haijawekwa kufuta ujumbe yenyewe baada ya siku kadhaa, maana makundi mengi yamewekwa hivyo. Tangazo la kwanza lenye maneno "inchi 3" lipige picha ya skrini ukiwa bado unaliona, pamoja na tarehe na namba ya aliyeliweka. Ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala usiufute hata simu ikijaa. Risiti ya basi ipige picha, zile karatasi hufifia zikikaa mfukoni. Na simu yenyewe iliyopokea ujumbe huo usiiuze mpaka shauri liishe. Nenda nayo mahakamani ikiwa na chaji.